Nuru na Mahaba katika Picha Ndogo za Kihindi

Utangulizi

Picha ndogo za Kihindi zilikuwa sanaa ya kitabu kabla ya kuwa sanaa ya ukuta. Nyingi kati yake hazizidi ukubwa wa ukurasa wa daftari. Zilichorwa ili zishikwe mkononi, zisomwe pamoja na beti zilizoandikwa juu yake au nyuma yake, kisha zifungwe tena katika kitambaa na kuhifadhiwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba mhakiki wa fasihi ana neno la kusema juu yake. Mchoraji wa Rajasthan au wa vilima vya Punjab alikuwa, kwa namna fulani, msomaji wa ushairi kwanza na mchoraji baadaye. Alipewa ubeti, akautafakari, na tafsiri yake akaiandika kwa brashi. Atakayeitazama picha hiyo bila kujali ubeti uliomzaa atakuwa amesoma nusu tu ya habari.

Makala haya yanachunguza jambo moja katika sanaa hiyo, nalo ni matumizi ya nuru katika picha za mapenzi, hasa zile zilizochorwa baina ya karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 19. Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: nuru yafanya kazi gani katika picha ambamo wapenzi wakutana usiku, na bado nyuso zao zaonekana waziwazi kama adhuhuri? Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza ladai kwamba nuru haifanyi kazi yoyote, kwa kuwa wachoraji hao hawakuijua kanuni ya mwanga na kivuli. La pili lina heshima zaidi. Lasema kwamba nuru ni ishara ya utakatifu na giza ni ishara ya ujinga, na kwamba wapenzi hao si watu bali ni roho inayomtafuta Mola wake.

Majibu yote mawili yana upungufu, na chanzo cha upungufu huo ni kimoja. Kila jibu laleta kipimo kilichokatwa kwingine, kisha laipima picha kwacho. Picha zenyewe zikichunguzwa pamoja na istilahi za ushairi uliozizaa, jambo tofauti ladhihirika: giza ndilo makao ya mahaba, nayo nuru huingia humo kama hatari, kama msaidizi au kama shahidi. Thamani ya nuru haijapangwa kabla ya wapenzi kuingia katika picha. Hali yao ndiyo inayoipanga.

Je, walishindwa kuchora kivuli?

Dai la kwanza lapaswa kujibiwa kwa historia. Mfalme Humayun aliporejea India kutoka Kabul mwaka 1555, alikuwa na mabingwa wawili wa Kiajemi, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad. Chini ya mwanawe Akbar, aliyetawala tangu 1556 hadi 1605, mabingwa hao waliiongoza karakana kubwa ambamo wachoraji wa Kihindi na wa Kiajemi walifanya kazi bega kwa bega. Mwaka 1580 mapadre wa Kijesuti walifika katika baraza la Akbar wakiwa na vitabu na picha za chapa kutoka Ulaya, nazo picha hizo zikapita mikononi mwa wachoraji. Mwaka 1600 Abu'l Hasan, akiwa bado kijana mdogo, alinakili umbo la Mtakatifu Yohana kutoka katika chapa ya Dürer, na unakili wake waonyesha jicho lililokwisha kuelewa jinsi kivuli kinavyolipa vazi uzito. Katika zama za Shah Jahan, aliyetawala tangu 1628 hadi 1658, mchoraji Payag alisifika kwa picha zilizoangazwa kwa moto na mshumaa, ambamo nusu ya uso yang'aa na nusu yamezwa na giza.

Ni dhahiri, basi, kwamba elimu ya kivuli ilikuwapo India. Wala haikufungiwa katika kuta za Agra na Delhi. Wachoraji walihama, wakatafuta wafadhili wapya, wakachukua ujuzi wao hadi katika majumba ya watawala wa Kirajput. Nainsukh wa Guler, aliyeishi takriban tangu 1710 hadi 1778, aliufahamu vyema mtindo wa Mughal, na michoro yake ya mfadhili wake Balwant Singh yathibitisha hayo. Hata hivyo, mahali pengi ambapo mchoraji angeweza kukiingiza kivuli, hakukiingiza. Mtu anayejua kutumia kifaa fulani, kisha akakiweka kando, hawezi kuambiwa kwamba hakukijua. Hapana budi kuuliza ni kwa nini alikiweka.

Sababu yaweza kueleweka kwa kuikumbuka kazi ya mtambaji. Mtambaji wa hadithi asemapo kwamba usiku uliingia, hazimi taa ili wasikilizaji wake waamini. Usiku umetajwa, na kutajwa kwatosha. Ndivyo afanyavyo mchoraji wa Bundi au wa Mewar. Hupaka anga rangi nzito, akatia mwezi na nyota, akawasha mshumaa mmoja au miwili. Kwa alama hizo usiku umekwisha kusemwa. Baada ya hapo hana haja ya kuuficha uso wa mpenzi, kwa maana uso huo ndio habari yenyewe. Kivuli kingeuficha, na zaidi ya hayo kingeifunga picha katika saa moja ya usiku mmoja, hali ubeti wazungumzia jambo ambalo hutokea kila usiku na kila mahali wapenzi walipo.

Hapa pana haja ya tahadhari. Ananda Coomaraswamy, katika kitabu chake juu ya uchoraji wa Kirajput kilichotolewa mwaka 1916, aliitenga sanaa hiyo na ya Mughal kwa mpaka mkali: moja ikawa ya dini na ya watu, nyingine ikawa ya anasa za baraza. Kazi yake iliipa sanaa hiyo heshima iliyonyimwa kwa muda mrefu, lakini mpaka aliouchora haukudumu. Mfululizo wa Ragamala uliochorwa Chawand mwaka 1605 kwa ajili ya watawala wa Mewar ni kazi ya Nasiruddin, na ule wa mwaka 1628 ni wa Sahibdin, nao wote wawili walikuwa Waislamu waliowachorea wafadhili wa Kihindu. Mwaka 1968 B. N. Goswamy alionyesha kwamba katika majimbo ya vilimani mtindo ulifuata familia ya wachoraji kuliko dola ya mfadhili. Kwa hiyo haifai kusema kwamba Mughal walichora nuru ya macho na Rajput wakachora nuru ya roho. Mchoraji mmoja aliweza kuzijua zote mbili, akachagua kulingana na ubeti uliokuwa mbele yake.

Rangi ya mapenzi

Jibu la pili, lile la utakatifu, lahitaji kujibiwa kwa lugha. Nadharia ya sanaa ya Kihindi ya kale imejengwa juu ya neno rasa, ambalo maana yake ya kwanza ni utomvu au ladha. Kazi ya sanaa yaonjwa, wala haielezwi tu. Natyashastra, kitabu kikongwe cha Kisanskriti juu ya maigizo, chataja rasa nane, na kila moja chaipa rangi yake. Kicheko ni cheupe. Hasira ni nyekundu. Hofu ni nyeusi. Na mapenzi, yaani shringara, hupewa rangi iitwayo shyama.

Shyama si weusi wa hofu, wala si weupe wa mchana. Ni weusi wenye uhai, wenye buluu na kijani ndani yake, kama wingu la masika lililokaribia kumwaga mvua. Ndiyo rangi anayosifiwa nayo Krishna, ambaye jina lake lenyewe lina maana ya mweusi, na ndiyo sababu wachoraji humpaka buluu. Jambo hili lina uzito mkubwa. Katika nadharia iliyowalea wachoraji hawa, mapenzi hayakuwekwa upande wa mwanga. Yaliwekwa upande wa wingu. Mhakiki atakayesema kwamba Radha aenda kwa Krishna kama atokaye gizani kwenda nuruni ameigeuza picha juu chini, kwa kuwa machoni pa mchoraji yeye Radha ndiye mwenye rangi ya dhahabu, naye Krishna ndiye wingu. Wakikutana, ni umeme uliopata wingu la kukaa.

Lugha yenyewe yathibitisha ukaribu huu wa rangi na ashiki. Neno raga katika Kisanskriti lina maana ya rangi, hasa wekundu, tena lina maana ya shauku ya moyo, na baadaye likawa jina la mtindo maalumu wa muziki. Maana hizo tatu hazikukutana kwa bahati; zote zatoka katika kitenzi kimoja chenye maana ya kutia rangi na kutiwa rangi. Anayependa ametiwa rangi. Mwenye kusema Kiswahili hayuko mbali sana na ulimwengu huo wa maneno, kwani neno rangi lilikuja pwani kwa njia ya Kiajemi, na jamaa yake rang lasikika hadi leo katika Kihindi na Kiurdu. Ragamala, yaani shada la raga, ni mfululizo wa picha ambamo kila mtindo wa muziki hupewa umbo la mtu, saa yake na majira yake. Katika jina hilo moja rangi, shauku na wimbo vimefumwa pamoja, na mchoraji aliyeichora Ragamala alikuwa akizifuata maana zote tatu kwa mara moja.

Umeme na mwezi

Ushahidi ulio wazi kuliko wote wapatikana katika picha za nayika. Washairi waliwagawa wanawake wapendao katika aina nane, kulingana na hali ya kila mmoja mbele ya mpenzi wake: yuko anayepamba kitanda akingoja, yuko aliyevunjiwa ahadi, yuko ambaye mumewe amesafiri. Mgawanyo huo ulipokewa na Bhanudatta katika Rasamanjari, na pia na Keshavdas katika Rasikapriya, iliyotungwa Orchha mwaka 1591. Miongoni mwa wanane hao, anayeitwa abhisarika ndiye aliyependwa sana na wachoraji wa vilimani. Huyu ndiye mwanamke atokaye nyumbani usiku, peke yake, kwenda kumkuta mpenzi mahali walipoahidiana.

Katika picha nyingi za Guler na Kangra, abhisarika apita msituni wakati wa tufani. Nyoka watambaa karibu na nyayo zake, na katika baadhi ya picha mapepo yamemzunguka. Anga ni nyeusi. Mara umeme wapasuka kama uzi wa dhahabu uliopindwapindwa, na kwa mwanga huo njia yake yaonekana. Lakini naye aonekana. Mwanga ule ule unaomwongoza ndio uwezao kumfichua kwa watu wa nyumbani kwake na kwa kila mwenye macho. Giza alilopaswa kuliogopa limekuwa ngao yake, na nuru aliyopaswa kuishukuru imekuwa tishio. Ndiyo maana mwanamke huyo, anapotembea katika usiku usio na mwezi, huvaa vazi la buluu iliyoiva ili afanane na usiku.

Washairi hawakuishia hapo. Walimtambua pia abhisarika wa mbalamwezi. Huyu huvaa nguo nyeupe, akajipamba kwa lulu, akajipaka msandali, ili apotee ndani ya weupe wa mwezi. Mchoraji aliyepewa ubeti huu alikabiliwa na mtihani mgumu, yaani kumwonyesha mtu ambaye amejificha katika mwanga. Wachoraji wa Kangra waliutatua kwa kutumia rangi za kijivu na fedha iliyofifia, ambamo umbo la mwanamke latofautiana na ukuta wa jumba kwa mstari mwembamba tu. Hapa nuru imefanya kazi ambayo kwa kawaida hupewa giza. Imesitiri.

Mifano hii miwili, ikiwekwa pamoja, yatosha kuivunja kanuni ya kwamba nuru hufunua na giza huficha. Umeme wafichua, mbalamwezi yaficha, na mwezi ule ule, kwa mwanamke aliyetengwa na mpenzi wake, huunguza. Ushairi wa Kisanskriti umeigawa shringara mafungu mawili, kukutana na kutengana, na ni desturi yake kwamba mwezi unaowapoza waliokutana huwachoma waliotengana. Mwezi haukubadilika, bali hali ya anayeutazama ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo atakayeandaa orodha ya ishara, akaandika kwamba mwezi una maana fulani na umeme una maana fulani, atakuwa ameandaa kamusi isiyo na sarufi.

Jambo hilo laonekana pia pale maandishi yale yale yanapochorwa mara mbili. Gitagovinda, utenzi wa Kisanskriti uliotungwa na Jayadeva mwishoni mwa karne ya 12, waanza na anga iliyojaa mawingu na msitu uliotiwa giza na miti. Nanda amwambia Radha ampeleke Krishna nyumbani, kwa kuwa kijana huyo aogopa usiku, na njiani mapenzi yao yaanza. Giza ndilo linalowapa nafasi. Manaku wa Guler, ndugu mkubwa wa Nainsukh, aliuchora utenzi huo mwaka 1730. Nyuma ya wahusika wake aliweka uwanda wa rangi moja, usio na masafa, hata wapenzi waonekana kana kwamba wamebandikwa juu ya rasa yenyewe. Yapata miaka 45 baadaye, kizazi kilichofuata katika familia hiyo kiliuchora tena. Safari hii mna mto unaopinda, miti yenye majani laini, na hewa ya jioni iliyotanda kati ya kitu na kitu.

Ni rahisi kusema kwamba kizazi cha pili kilipiga hatua. Lakini hatua hiyo ilikuwa na bei yake. Katika picha za Manaku hapana upande ambao mtazamaji angeweza kukimbilia. Wapenzi na rangi ndiyo yote yaliyopo. Katika picha za baadaye jicho lapata mahali pa kupumzika, na utamu waongezeka, lakini ukali wa shauku wapungua. Nuru laini ya jioni huwatendea wapenzi wote sawa, awe aliyekutana au aliyeachwa. Pengine ndiyo sababu picha za Kangra zimependwa sana na watazamaji wa nje: huruma yake yafahamika bila ubeti. Huo ni uzuri wa kweli, ila haifai uzuri huo uwe kipimo cha kumhukumia Manaku.

Taa mkononi mwa mwanadamu

Mwezi na umeme havimilikiwi na mtu. Taa ni kitu kingine, kwa sababu huwashwa na mkono na huweza kuzimwa. Katika Ragamala, raga iitwayo Dipak, yaani taa, huchorwa kama mwanamume na mwanamke walioketi pamoja usiku, huku taa zikiwaka karibu nao, na mara nyingine miali ikichomoza kichwani pa mwanamume mwenyewe. Mapokeo yasimulia kwamba Tansen, mwimbaji mashuhuri wa Akbar, alipoiimba raga hiyo taa ziliwaka zenyewe. Hadithi hiyo haihitaji kuaminiwa ili ieleweke. Wimbo, moto na mapenzi vyahesabiwa kuwa nguvu moja, na nguvu hiyo yaweza kumteketeza aliyeiita.

Katika karne ya 18 wachoraji wa Mughal na wa majimbo waliongeza fataki. Wanawake wa jumba wasimama juu ya sakafu nyeupe ya baraza, kila mmoja ameshika kijiti kinachomwaga cheche, na nyuma yao usiku umetanda. Picha hizo ni nzuri, lakini yafaa kutambua kilichobadilika. Taa ya Dipak yatokana na shauku ya wapenzi. Cheche za fataki ni burudani, nazo huwaangazia wanawake ili watazamwe. Mwanga umetoka ndani ya mapenzi, ukahamia upande wa anayetazama.

Hadithi ya Sohni, iliyochorwa mara nyingi katika karne hiyo hiyo, yairudisha taa mahali pake. Sohni avuka mto usiku akielea juu ya chungu ili amfikie Mahiwal. Jamaa yake akibadilisha chungu hicho kwa kingine cha udongo usiochomwa, nacho chayeyuka katikati ya maji. Katika baadhi ya picha hizo moto mdogo wawaka ukingoni. Ni mwanga wa kweli, na uko karibu, lakini haumfai anayezama. Picha chache zimeonyesha kwa ufupi kama huo kwamba kuona si kuokoka.

Jioni ya Kishangarh

Kazi moja yastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa yakusanya mengi yaliyokwisha kusemwa. Ni picha ya mashua ya wapenzi, iliyochorwa na Nihal Chand wa Kishangarh katikati ya karne ya 18, na iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, New Delhi. Sehemu ya juu yaonyesha ziwa pana, majumba meupe ng'ambo, na anga ya machweo yenye mistari ya moto. Mashua nyekundu yakata maji, ndani yake wamo Radha na Krishna pamoja na watumishi. Chini, penye vichaka vilivyosongamana, wapenzi hao hao waonekana tena wamekutana.

Jua linazama, na hapo ndipo picha inapoanza. Mji mweupe, wenye kuta na utaratibu wake, ndio ulioshika mwanga wa mwisho, wapenzi wanauacha. Wanasafiri kutoka mahali panapoonekana kwenda mahali palipositirika, na safari yao ni kushuka: toka juu ya karatasi hadi chini, toka anga hadi kichaka, toka nuru hadi kivuli cha majani. Watu wenyewe ni wadogo mno, kiasi kwamba mtazamaji hulazimika kuikaribia picha na kuwatafuta. Kutafuta huko ni sehemu ya maana. Ulimwengu ni mkubwa na una mwanga wake. Mahaba ni madogo na yana maficho yake.

Mfadhili wa Nihal Chand alikuwa Savant Singh, mtawala aliyetunga mashairi ya ibada ya Krishna kwa jina la Nagari Das, akauacha utawala mwaka 1757, akaenda kuishi Vrindavan hadi alipofariki mwaka 1764. Mapokeo yasema kwamba uso wa Radha wa Kishangarh, wenye jicho refu lililopinda na nyusi kama upinde, ulitokana na Bani Thani, mwimbaji na mshairi wa jumba lake aliyependwa naye. Uso huo umesambaa sana. Mwaka 1973 ulitolewa hata katika stempu ya posta ya India. Lakini safari ya mashua na safari ya Savant Singh zafanana kwa namna ambayo stempu haiwezi kuieleza. Zote mbili zinalipa kisogo jumba lenye mwanga.

Nani ameshika picha?

Hadi hapa nuru imezungumziwa kama kitu kilichochorwa. Kuna nuru nyingine, iliyo katika karatasi yenyewe. Mchoraji aliisugua karatasi kwa jiwe la akiki hadi ikawa laini, akapaka rangi tabaka juu ya tabaka, akaisugua tena kutoka upande wa nyuma. Dhahabu ya unga ilitobolewatobolewa kwa sindano ili kila kitobo kishike mwanga. Katika Rasamanjari ya Basohli, iliyochorwa takriban mwaka 1660 hadi 1670, vipande vya mbawa za mbawakawa vilibandikwa mahali pa zumaridi, na lulu zikainuliwa kwa matone mazito ya rangi nyeupe. Picha ikishikwa mkononi na kuinamishwa kidogo karibu na taa, vito vya mpenzi humetameta, kisha huzimika. Nuru hiyo haikuchorwa. Huzaliwa kila mara mkono unapocheza, nayo hufa picha inapotundikwa nyuma ya kioo na kuangazwa kwa taa isiyotikisika. Fedha nayo ina historia yake: mahali pengi ambapo mchoraji aliipaka ili maji yang'ae, imeingia kutu na kuwa nyeusi. Mhakiki asiyelijua jambo hilo aweza kuandika ukurasa mzima juu ya mto wa giza ambao mchoraji aliukusudia kuwa mto wa nuru.

Lakini swali la mkono ni zito kuliko swali la fedha. Mkono ulioinamisha picha mara nyingi ulikuwa wa mtawala. Vitabu vilivyowagawa wanawake katika aina nane vilitungwa na wanaume, na kila aina yatambulishwa kwa hali ya mwanamke mbele ya mwanamume. Je, sifa zote hizi za nuru si pazia la kupendeza juu ya tamaa ya mwenye mali kumtazama asiyeweza kumtazama yeye?

Hoja hii haiwezi kuepukwa, na kuijibu kwa kusema kwamba picha ni za dini hakutoshi. Wanawake wa fataki wamewekwa juani, hata kama jua hilo ni la usiku. Hata hivyo abhisarika aleta ugumu ambao hoja hiyo haiumalizi. Katika picha yake yeye ndiye atendaye na mwanamume ndiye angojaye. Nyoka, mvua na umeme vyaupima ujasiri wake, wala havimpambi tu. Mtawala aliyeshika karatasi, ameketi pakavu penye walinzi, atazama ujasiri ambao yeye hakuutakiwa kamwe. Aweza kuimiliki picha, lakini usiku ulio ndani yake si milki yake. Yote mawili ni kweli kwa pamoja: picha imelipiwa na mwenye nguvu, na ndani yake heshima amepewa asiye na ruhusa ya kutoka. Uhakiki ulio mwaminifu hautaificha kweli ya kwanza ili kuipendezesha ya pili.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba ukosefu wa kivuli katika picha za mapenzi za Kihindi haukuwa upungufu wa ujuzi, kwa kuwa ujuzi ulikuwapo na uliachwa kwa hiari. Umeonyesha vilevile kwamba kuifanya nuru kuwa jina jingine la wema ni kulisahau neno shyama, yaani ile rangi ya wingu ambayo nadharia ya kale iliyapa mapenzi. Umeme, mbalamwezi, taa na machweo hubadilika maana kadiri wapenzi wanavyokutana au kutengana.

Funzo kwa mwalimu wa fasihi ni la moja kwa moja. Wanafunzi huzoeshwa mapema kuandika kwamba mwanga ni matumaini na giza ni dhuluma, kisha huichukua kanuni hiyo na kuibandika juu ya kila shairi wanalokutana nalo. Picha hizi zakanusha desturi hiyo kwa upole lakini bila kusita. Taswira hupata maana yake kutoka katika kazi iliyomo na katika lugha iliyoizaa, na wajibu wa kwanza wa mhakiki ni kuuliza nani yuko nje usiku huo, anakwenda wapi, na ni nani atakayedhurika iwapo ataonekana.